Glavu za Mackrine

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka njia panda ya Chonyonyo, lakini benchi la Gharib muuza kahawa lilishajaa watu wasio na haraka ya shamba. Pembeni, kwenye kigoda, Lameck, mpishi wa katogo la ndizi na maharage, alimenya ndizi, masikio yote yako benchini. Mikononi alivaa glavu za zambarau, nene, zinazokaribia viwiko, na alizionea fahari kama bwana harusi. Utomvu haukumpata tena. Alimbembeleza mkewe, Mackrine, amletee kutoka hospitali anakofua mashuka ya wodi zote, na Mackrine, asiyejua kumnyima mtu kitu, akamletea.

Rwegasira, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima, ndiye aliyeanza.

— Jana nimempeleka shemeji wodi ya saratani. Nesi anayechanganya dawa kavaa glavu mbilimbili, gauni, barakoa, miwani. Nikasema huyu safari yake ni mwezini!

— Anaficha sura, alidakia Dastan wa bodaboda. Mgonjwa akizidiwa, ndugu wamkamate nani?

— Sura gani, wewe! Dawa yenyewe kali. Tone likianguka sakafuni, saruji inachemka.

— Hiyo cha mtoto. Kyerwa kuna mbuzi alilamba chupa yake. Kufika jioni hana unyoya hata mmoja, yuko uchi anaona aibu.

— Mimi nimesikia mgonjwa akijisaidia shambani, migomba inanyauka mpaka kwa jirani!

Benchi zima lilicheka, Lameck akiwamo. Gharib peke yake hakucheka.

— Chekeni tu, alisema, akiitua birika. Dada yangu Nadhira alitundikiwa dripu ya dawa hiyo. Tuliambiwa siku za mwanzo mkojo wake, matapishi yake, mashuka yake, tusiguse kwa mikono mitupu. Dawa inatoka naye mwilini. Na mwenye mimba asisogee kabisa.

Kisu cha Lameck kilisimama katikati ya ganda. Mackrine alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilitoka, na safari hii Lameck mwenyewe ndiye aliyesema waifiche mpaka tumbo liseme, isije ikaharibiwa na midomo ya watu. Kazini hawakujua. Mama mzazi wa Mackrine hakujua.

Redio alikuwa ameshaona rangi ya zambarau.

— Lameck! Hizo glavu si za huko huko?

— Ni mpya, alijibu Lameck kwa sauti ndogo. Hazijagusa kitu.

— Una hakika? Maana mimi katogo lako nimekula wiki nzima!

— Ndiyo maana jana tumbo limeniunguruma, alilia Dastan, akijipapasa nywele kuona kama bado zipo. Jamani, nimekwisha!

— Mpya, nimesema! Mackrine alipewa za kazi, akanipa mimi.

Benchi likashusha pumzi. Vikombe vikarudi midomoni.

Mama mmoja wa Rugu, Placidia, alikuwa amesimama hapo na mkungu wake akingoja pikipiki. Walishamwamkia shikamoo na kumsahau.

— Lameck mwanangu, alisema, kama za kwake unazo wewe, yeye anafua amevaa nini?

Gharib aliangalia chini. Dastan aliacha kujipapasa.

Lameck alizivua glavu, akatoa simu, akampigia mkewe. Iliita, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Saa hizo Mackrine huwa ameshainamia beseni, simu iko kwenye mkoba.

— Dastan, washa pikipiki. Nipeleke hospitali.

— Subiri basi, mama huyu ndiye wa kwanza. Kwani kuna nini?

Lameck alitazama nyuso zote pale benchini, zile zile alizokuwa akizifichia siri.

— Ana mimba, alisema.