Mama Upesi: Siku Tatu Koridoni

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Upesi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyemwona ametulia.

Alisoma kuanzia mwaka 1963 hadi kidato cha nne, 1973. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili sana, ila kiti kinamchoma.

Januari 1975 aliajiriwa posta. Alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na sita, akastaafu 2011.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na mpiga chapa, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015. Mpiga picha wa harusi yao alilalamika kwamba kila picha bibi harusi ametoka ukungu.

Jumanne tarehe 7 Mei 2024 pumzi zilimbana. Binti yake, anayesoma wasifu huu, alimfikisha idara ya dharura saa nne asubuhi. Daktari alimpima haraka, akaona maji kwenye mapafu, akaagiza alazwe. Wodini hakukuwa na kitanda. Akawekwa koridoni juu ya kitanda cha magurudumu, baina ya mizani na mlango wa stoo, wa tisa katika foleni ya watu kumi na wanne. Wote walihudumiwa na muuguzi mmoja.

Binti alipanda na kushuka ngazi kuuliza kitanda. Kila mara aliambiwa asubiri kidogo. Jumatano marehemu alimshika muuguzi mkono.

“Keti kidogo, mwanangu. Mimi najua kazi ya miguu.”

Muuguzi aliketi ukingoni pa kitanda, dakika moja hivi, akafuta macho, akaitwa.

Alhamisi saa saba mchana mama alikata roho. Binti alikuwa juu, akiuliza kwa mara ya kumi na moja. Alipokuwa akishuka alipishana na mhudumu aliyebeba faili, akimtafuta mama: kitanda kimepatikana.

Mdogo wa kiume wa binti alitaka hapa iandikwe “baada ya kuugua kwa muda mfupi”. Walibishana hadi asubuhi ya leo, programu ya mazishi ikiwa inasubiriwa na mchapaji.

“Si muda mfupi,” binti alimwambia. “Ni saa hamsini na moja. Andika hivyo.”

Mdogo wake aliandika, kisha akatoka nje bila kuaga.

Yule muuguzi amekuja, amesimama nyuma. Familia haimdai neno. Ila binti tangu Alhamisi hapati usingizi, akizihesabu zile ngazi.

Marehemu ameacha binti, mwana, mkwe mmoja, wajukuu watano na dada yake mkubwa.

Mama, pumzika sasa. Amani iwe nawe.