Robo Tu, Kisha Kesho: Maisha ya Kaka Yetu, Fundi wa Magitaa ya Besi

Marehemu kaka yetu alikuwa fundi hodari wa magitaa ya besi, mcheshi, mkweli kwa wateja wake, na mtu .................

Ndugu waombolezaji, mlio na programu mkononi mtaona kwamba mwisho wa mstari huo pako tupu. Si kosa la mashine. Kazi yangu mimi dada yake ni uchapaji, na programu hii nimeichapa mwenyewe. Hapo palikuwa pameandikwa "mpole". Neno hilo lililetwa na baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Wifi yangu, mama wa watoto wa marehemu, alipolisikia alinipigia simu: "Nitakuja kumzika, na mabinti nitawaleta. Ila mkisoma kwamba alikuwa mpole, tunanyanyuka mbele za watu." Baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, aliyekufa hasemwi." Nikamjibu, "Baba mdogo, mimi simsemi, namsoma." Nikalifuta neno lile. Wifi ameniahidi kwamba atakaa na mkoba wake mapajani mpaka nimalize kusoma, kwa hiyo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, mlinzi wa usiku wa kiwanda hicho, na marehemu mama yetu, aliyefua nguo za watu. Mimi nilimfuata baada ya miaka sita. Kati yetu walizaliwa wawili ambao hawakukaa. Baba alipenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na alitukunja kwelikweli. Mkanda wake wa kazi ulikuwa na bizimu ya shaba, na hiyo ndiyo iliyomwachia marehemu kovu juu ya jicho la kushoto ambalo wengi wenu mlidhani ni la ajali ya baiskeli.

Mwaka 1978, akiwa na miaka kumi na mmoja, aliokota gitaa la besi lililotupwa nyuma ya ukumbi wa starehe. Lilikuwa la mbao za kubandikwa, zile za bei rahisi kabisa, na lilibaki na nyuzi tatu. Alilipiga mchana, wakati baba analala baada ya zamu. Baba alitoka chumbani na kumvunjia lile gitaa mgongoni. Lilitoka vipande vitatu, mgongo haukuvunjika. Marehemu aliviokota vile vipande kwa magoti, shati limemganda kwa damu, akaomba gundi kwa seremala wa jirani, akaviunga na kuvifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Siku ya kumi gitaa likalia. Siku ya kumi na moja baba akalivunja tena, naye akaliunga tena. Mama alisema, "Huyu atakuwa fundi au muuaji." Hakukosea sana.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1981 akiwa wa kwanza katika kazi za mikono na wa mwisho katika mengine yote. Sekondari alikaa mwaka mmoja na miezi minne. Siku moja mwalimu wa useremala aliitazama stuli aliyoitengeneza akasema ni kazi ya mlevi. Marehemu alimpiga nayo kichwani. Mwalimu alishonwa nyuzi saba, marehemu akafukuzwa. Miaka mingi baadaye mwalimu huyo alikuja kutengenezewa gitaa la mwanawe, akakiri kwamba ile stuli haikulegea hata kiungo kimoja, na yeye ndiye shahidi.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha samani, kwenye meza ya msasa, akafanya kazi hapo miaka tisa. Mwaka 1993 alifungua karakana yake katika chumba kimoja, kati ya duka la rangi na kibanda cha mama mshonaji. Alitengeneza magitaa ya besi tu, na ya bei rahisi tu. Wenye magitaa ya gharama aliwafukuza: "Hilo lako halina shida. Mwenye shida ni wewe." Mtu alileta gitaa lililotoka kiwandani na ncha za vile vyuma vya kukingama shingoni zikikata vidole, nyuzi zimenyanyuka kama kamba za kuanikia nguo, sauti inakoroma na umeme unavuma ndani kama inzi chupani. Marehemu alilivua hadi mifupa. Alizipiga tupa ncha za vyuma mpaka zikawa laini kama ukingo wa kikombe. Alipanga karatasi za shaba ndani ya tumbo lake ili ule mvumo ukome, akabadilisha nyaya na sumaku, akashusha nyuzi. Mwishowe alifika kwenye shingo, na hapo ndipo lilipotoka jina lake.

Ndani ya shingo ya gitaa la besi kuna chuma chembamba kinachoisaidia ishindane na mvuto wa nyuzi. Kinakazwa kwa kifunguo kidogo kilichopinda. Marehemu alikikaza robo ya mzunguko, akaliegemeza gitaa ukutani, asiliguse tena hadi kesho yake. Mteja akilia kwamba ana onyesho jioni, alijibiwa: "Robo tu, kisha kesho. Mti hauamrishwi, mti unaombwa." Ndiyo maana mji mzima ulimwita Robo. Wapo waliodhani ni robo ya pombe. Jamani, pombe alikunywa nzima.

Mti aliuomba. Watu hakuwaomba. Tarehe 3 Desemba 1994 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi wa wodi ya watoto, wakajaliwa mabinti wawili. Kwa miaka tisa wifi alikwenda kazini akiwa na mikono mirefu hata siku za joto kali. Nalisema hili kwa ruhusa yake. Jioni moja ya mwaka 2003, kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka, marehemu alirusha bisibisi, ikachoma mlango wa kabati karibu na sikio la binti mkubwa. Wifi aliichomoa, akaifuta, akaiweka mezani, akafunga mizigo. Marehemu alibaki na ile bisibisi. Hasira hasara, tunawaambia watoto kila siku, halafu sisi wenyewe hatusikii.

Lakini nimeruka mwaka mmoja, na nimeuruka kwa woga. Narudi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa mpiga besi. Wengi wenu hamjui hilo. Nilikuwa mzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Jioni ile bendi yetu ilikuwa na arusi, na gitaa langu lilikuwa likikoroma, nikalipeleka karakanani. Marehemu alikuwa amenitengenezea lile gitaa kwa miezi mitano, kutoka kwenye kuni tupu. Alikuwa ametoka kununua nyuzi, na mimi sikuwa na subira ya kungoja kesho. Nikachukua kifunguo, nikakaza mzunguko mzima. Halikutulia. Nikaongeza mwingine. Shingo ikalia ka! ikapasuka kutoka kichwani hadi katikati.

Akaingia. Akaiona. Hakupiga kelele, na mpaka leo naogopa watu wasiopiga kelele. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaulaza juu ya meza ya kazi, akachukua nyundo yake ya mbao. Alipiga mara mbili. Kidole cha pete na kidole cha mwisho.

Kisha akanibeba mgongoni mpaka hospitali, mbio, akilia njia nzima. Daktari akauliza kilichotokea. Nikasema, "Nimebanwa na mlango." Marehemu akaongeza, "Mlango wa chuma." Ukoo wote ukaupokea huo mlango. Mama alikufa akiulaani. Baba mdogo alituletea fundi aje kuutazama. Vile vidole havikukunjika tena, bendi ikatafuta mpiga besi mwingine, nami nikajifunza uchapaji. Nilimsalimia kaka yangu kwenye misiba na arusi, zaidi ya hapo hapana.

Baada ya wifi kuondoka, marehemu alihamia karakanani. Sitawadanganya kwamba alibadilika siku hiyohiyo. Mwaka 2006 alimng'oa mteja meno mawili ya mbele kwa kosa la mteja huyo kuliita gitaa lake mwenyewe kuni. Kisha akamtengenezea gitaa lile bure. Mteja huyo yupo nasi, na nyimbo mlizosikia asubuhi amezipigia besi ileile. Nilipomuuliza kwa nini alirudi, aliniambia, "Dada, meno nimepata ya bandia. Fundi kama yule ningempata wapi?" Pombe marehemu aliiacha mwaka 2011. Tangu hapo sijasikia kwamba alimpiga mtu, na niliulizia sana.

Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tisa alasiri, mume wa mama mshonaji alikuja mtaani na spana ya magurudumu, akisema leo anammaliza mkewe. Mama mshonaji alikimbilia karakanani. Haya yanayofuata ameniambia yeye.

"Kaka Robo alikuwa anagonga kitu. Akaniambia nipite nyuma, dirishani. Yeye akasimama mlangoni na nyundo mkononi. Nikajua leo kuna mtu atakufa hapa, na si yeye. Nakuambia dada, mume wangu mwenyewe alirudi hatua. Halafu Kaka Robo akaitazama ile nyundo. Akaiweka chini. Akamwambia, 'Bwana, ngoja. Nenda, urudi kesho. Kesho utaona vingine.'"

Yule bwana hakungoja. Alimpiga spana tatu: begani, usoni, na nyuma ya kichwa alipokuwa ameshaanguka. Damu ilifika hadi kwenye magitaa yaliyoegemea ukuta. Mama mshonaji alikuwa ameshatoka dirishani. Yu hai, na amekaa karibu na jeneza. Yule bwana amewekwa ndani, anangoja hukumu.

Tangu siku hiyo naambiwa kila mahali kwamba kaka yangu amekufa shujaa. Sawa. Ila nawaomba msilitumie neno hilo kama lile la baba mdogo, kufunikia. Mlango mmoja aliousimamia hauondoi ule mwingine ambao haukuwapo. Nilikasirika kitandani pake hospitalini, nawaambia kweli. Nilikasirika kwamba alijua kuiweka nyundo chini, na amejua akiwa na miaka hamsini na saba.

Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya nne ndipo aliposema. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na maneno yalitoka moja moja.

"Haukuwa mlango," akasema.

"Haukuwa," nikamjibu.

Kisha akasema, "Rafu ya chini. Lako. Usilikaze." Hakusema tena jambo la kueleweka. Jumatatu, tarehe 17 Juni 2024, saa nne asubuhi, alikata roho, na wifi yangu ndiye aliyemfumba lile jicho lililokuwa wazi.

Nilikwenda karakanani kutafuta picha yake ya kuweka kwenye programu. Kwenye rafu ya chini palikuwa na gitaa la besi limefungwa shuka. Ile shingo iliyopasuka mwaka 1997 ilikuwa imeungwa, na ufa wake unaonekana kama uzi mwembamba mweusi. Alikuwa ameichonga mpaka ikawa nyembamba ya ajabu. Mama mshonaji alisimama mlangoni akaniuliza, "Wewe ndiye dada wa vidole viwili?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Kila gitaa akilimaliza, alilijaribu kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto. Cha shahada na cha kati. Wateja walimcheka, wakidhani anajionyesha. Alisema kuna mtu mmoja anapiga hivyo, na kama gitaa halimfai yeye, halitoki humu."

Ndugu zangu, kaka yangu alitengeneza mamia ya magitaa. Mimi sikuwa nimegusa hata moja kwa miaka ishirini na saba.

Marehemu ameacha aliyekuwa mkewe, mabinti wawili, dada mmoja, baba mdogo mmoja ambaye amenisamehe kwa programu hii au atanisamehe baadaye, jirani yake mama mshonaji, na magitaa saba ya besi yaliyokwisha kutengenezwa. Wenye magitaa hayo wafike kuyachukua. Nimeyafuta damu. La nane si la mteja.

Ile nafasi tupu nimejaribu kuijaza siku tano, nimeshindwa, na sitaki mtu mwingine anijazie.

Lala, kaka, na amani ikufuate huko chini. Jana nililipiga lile gitaa. Vidole viwili vinatosha. Lilikoroma kidogo, nikachukua kifunguo, nikakaza robo, nikaliegemeza ukutani. Nawe leo nimekusamehe robo. Kesho nitaangalia tena.