Mama Rudia, Mfamasia wa Wodi ya Saratani

Ndugu jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu katikati ya wiki mje kumsindikiza, familia imempa mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, huyu aliyesimama mbele yenu, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yake, naye amekubali kwa moyo mzito na kwa sharti moja tu, kwamba asikatizwe, kwa sababu marehemu alimkatiza kwa miaka hamsini na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuongea akafika mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1967, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba akiwa dereva wa gari la maji la manispaa na mama akiwa mpishi wa bweni la wasichana, na sote tulikulia katika vyumba viwili nyuma ya jiko la shule, ambako ukuta mmoja ulikuwa wa moto mwaka mzima na watoto waligombania kulala upande wa pili. Mama alikuwa akisimulia kwamba binti huyu alianza kuhoji kabla hajajua kutembea vizuri, na swali lake lilikuwa moja, nani kasema, hivyo hata akiambiwa uji ni wa moto alitaka kwanza kumjua aliyeuonja.

Alianza shule ya msingi Januari 1974 na kuimaliza mwaka 1980 akiwa wa pili darasani, jambo ambalo hakulisamehe, maana hadi mwaka jana alikuwa bado anamtaja yule wa kwanza na swali la kumi na nne ambalo aliamini lilisahihishwa vibaya. Alisoma sekondari kuanzia 1981 hadi 1986, akajiunga na chuo kikuu Oktoba 1987, na tarehe 23 Novemba 1991 akatunukiwa shahada ya famasi, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, na kwa kuwa baba hakuwa na gari jingine, aliomba ruhusa kazini, akaliosha lile la maji mpaka likang'aa, akaliegesha katikati ya magari ya wakubwa, na marehemu akashuka humo kichwa juu, akimshika mama mkono.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Februari 1992 katika hospitali kuu, dirisha la dawa namba tatu, na hapo ndipo alipokutana na fundi umeme wa hospitali, aliyeitwa kutengeneza jokofu la chanjo na akarudi mara nne kulikagua, ingawa yeye mwenyewe, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele yenu, amekiri kwamba lile jokofu lilikuwa zima tangu mara ya kwanza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1995 na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 30 Agosti 1999, na nyumba yao ikawa ya kelele, ya vicheko, na ya kupima kila kitu, kuanzia dawa ya kikohozi hadi chumvi.

Mwaka 2004 alihamishiwa wodi ya saratani, na hapa familia inawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi tulitaka kulifunika na yeye akakataa katakata, akasema lisiposomwa, basi historia yote isisomwe. Dawa za saratani hupimwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na tarehe 9 Novemba 2006, siku ya Alhamisi, marehemu alipokea karatasi ya dawa ya mgonjwa mmoja, fundi mwashi, iliyoandikwa uzito wa kilo sabini na moja, akapiga hesabu, hesabu ikawa sahihi, akaitoa dawa. Uzito ule ulikuwa umeandikwa siku mgonjwa alipofika wodini mara ya kwanza, miezi minne nyuma, na tangu hapo kila mtu alikuwa akiunakili tu, daktari kutoka faili, yeye kutoka kwa daktari, wakati mwashi mwenyewe alikuwa amebaki na kilo hamsini na nne. Dawa ilimzidi, kinga ya mwili ikaporomoka, akalazwa peke yake chumba cha pembeni siku ishirini na tatu, kati ya kufa na kupona.

Siku ya nne marehemu alivaa barakoa, akaingia chumba kile, akamweleza mgonjwa kila kitu bila kumtaja daktari, akaanza kulia, na mwashi akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, machozi yako hayanisaidii kitu, nenda kajifunze kazi hii mpaka mwisho, kisha uwafundishe na wenzako." Mwashi huyo alipona, na yuko nasi leo mstari wa nyuma, kwa kuwa amekataa kabisa kuja kukaa mbele.

Marehemu alikata shauri. Mafunzo aliyoyataka ni yale ya ubingwa wa dawa za saratani, ambapo mfamasia aliyekwisha kuhitimu anarudi kuwa mwanafunzi miaka miwili, anazunguka wodini na madaktari, anachanganya dawa chini ya macho ya wakubwa wake na kuhojiwa kila asubuhi, na wakati huo hayakuwepo karibu, yalikuwa katika hospitali iliyo umbali wa safari ya siku mbili. Aliondoka tarehe 7 Januari 2008, akiwa na umri wa miaka arobaini, akamwachia shemeji watoto watatu na orodha ya maagizo ya kurasa kumi na moja, akaishi katika chumba cha hosteli chenye kitanda cha juu, na wenzake darasani, ambao wengi wao alikuwa amewazidi miaka kumi na zaidi, walimwita Shangazi mpaka matokeo ya muhula wa kwanza yalipobandikwa, ndipo wakaanza kumwita Mwalimu.

Alirudi Februari 2010 na wazo ambalo hakuliacha hata akiwa mezani anakula, kwamba kazi inayojulikana na mtu mmoja ni hatari kwa wagonjwa, na kwamba hatahesabu amefaulu mpaka siku wodi ile itakapoweza kuwafundisha na kuwapima mabingwa wake bila yeye kuwepo. Alibisha hodi katika ofisi za wakubwa miaka miwili na nusu, akapewa stoo ya mashuka, na Jumatatu tarehe 3 Septemba 2012 mafunzo ya ubingwa yakaanza humo na wanafunzi wawili, mmoja akakimbia kabla mwezi haujaisha, akabaki binti mmoja mwembamba mwenye tabia ya kutafuna kalamu, ambaye hospitali nzima inamwita Wa Kwanza. Jina la Mama Rudia lilitoka stoo ile, kwa sababu neno lake kwa mwanafunzi aliyekosea hesabu lilikuwa rudia, na kwa aliyepata lilikuwa rudia vilevile, maana huenda alibahatisha.

Mwaka 2014 bodi ya hospitali iliandika kwamba asipopatikana mhitimu kufikia Desemba, stoo itarudishiwa mashuka yake, na Wa Kwanza akafanya mtihani Oktoba, na marehemu akamfelisha kwa alama mbili. Tulimwambia ana wazimu, shemeji alimsihi, hata msafishaji wa wodi alimwambia Mama mpe tu mtoto wa watu alama mbili hizo, naye akajibu kwamba alama mbili hizo ni mgonjwa wa mtu, kisha akaenda mbele ya bodi kuomba miezi sita, akaipata kwa kura moja, na tarehe 20 Machi 2015 Wa Kwanza akafaulu kwa alama ambazo hakuna aliyezifikia hadi leo. Tangu siku hiyo wamehitimu wafamasia bingwa kumi na saba, na wanafanya kazi katika hospitali tisa.

Tarehe 21 Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa katika wodi ileile, safari hii akiwa upande wa kitanda, na tunasema kwa haki kwamba hakuwa mgonjwa mwepesi. Alipokuja kupata dawa mara ya tatu alikuwa amechoka, akakataa kupanda mizani, akamwagiza Wa Kwanza aandike kilo sitini na mbili kama mara iliyopita, na Wa Kwanza, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba cha dawa, alisimama mbele ya mwalimu wake akamwambia, "Mama, usipopanda, dawa haitoki." Marehemu aligomba, akatishia, akapanda, akakutwa na kilo hamsini na sita, na dawa ikapigiwa hesabu upya. Ndani ya gari, wakati wa kurudi nyumbani, walipofika kwenye mzunguko wa barabara, alimgeukia mumewe uso umemng'aa, akasema, "Umemwona yule? Amenikatalia mimi!", na jioni alitupigia simu ndugu wote mmoja baada ya mwingine kutusimulia alivyokataliwa.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa mwaka huu, na Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mume na watoto wakiwa wamemzunguka, marehemu alituaga, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na ndugu watano, na pengo ambalo hatuna namna ya kulipima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani waliomvumilia, majirani waliofungua milango yao tangu Jumamosi, wafanyakazi wenzake wa famasi, na mwashi wetu wa mstari wa nyuma.

Lakini wapo tunaowashukuru ambao hamuwaoni hapa, na baadhi yenu mmeshaanza kuulizana chini kwa chini wako wapi wanafunzi wake na yuko wapi Wa Kwanza. Mtihani wa mwisho wa mabingwa ulipangwa tangu Januari kufanyika leo, Jumatano tarehe 12 Juni, kwa kuwa msahihishaji wa nje huja mara moja tu kwa mwaka, na Alhamisi iliyopita marehemu alituita mimi, shemeji na Wa Kwanza kando ya kitanda, akatuapisha kwamba hata kama ni siku ya kumzika, mtihani usisogezwe hata saa moja, kwa sababu wagonjwa hawawezi kusubiri mabingwa wanne mwaka mzima. Wazee walikasirika, wakasema ni aibu mwalimu azikwe bila wanafunzi wake, na aliyekasirika kuliko wote ni huyu anayewasomea, lakini kiapo ni kiapo. Sasa hivi ni saa nane na nusu mchana, wanafunzi wanne wamekaa kwenye benchi nje ya ile iliyokuwa stoo ya mashuka, na Wa Kwanza, kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye kiti cha mtahini mkuu, anawaita mmoja mmoja.

Mtihani unaendelea bila wewe, dada. Pumzika kwa amani.