Bahasha za Mzee Mkasi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake baba, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe aliacha karatasi akitaka isomwe kama ilivyo, nitasoma hata pale ambapo baba mdogo ameniomba niruke.

Baba yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mzee Mkasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi seremala, mwaka ambao, kwa maelezo ya bibi, funza walimaliza shamba lote la mahindi, akazaliwa mwembamba na mwembamba akabaki. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akapata cheti cha kilimo mwaka 1976, na tarehe 2 Januari 1978 akaajiriwa kuwa mhudumu wa shamba katika kituo cha utafiti wa mbegu, ambako alimpata mama yetu, mpiga chapa wa ofisi ya mkuu, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1981 na kujaliwa watoto watatu.

Mwaka 2007 kituo kilianza kujaribu mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, yaani yaliyotiwa chembe ya urithi ya kiumbe kingine ili funza akiguguna bua afe, na baba alifurahi sana, kwa sababu mkulima angevuna bila kupiga dawa. Sharti lilikuwa moja, chavua, ule unga wa maua, isitoke nje ya uzio ikaingia kwenye mbegu za watu kabla madhara yake hayajajulikana, hivyo kila asubuhi alipita safu kwa safu na mkasi wake, akakata maua ya juu kabla hayajafunguka, akayachoma moto, akatia sahihi kwenye daftari.

Tarehe 11 Mei 2009 mama alifariki ghafla kwa shinikizo la damu, baba akaondoka siku nne kwenda kumzika, bila kumwachia mtu mkasi, maana kwa hesabu yake safu mbili za mwisho zilikuwa bado wiki nzima kuchanua. Joto likazidi, na aliporudi asubuhi ya tarehe 16 alikuta maua yamefunguka, vumbi la njano limetapakaa kwenye majani, na upepo unavuma kuelekea shamba la jirani yetu, mama mshonaji. Aliyakata, akayachoma, kisha akaandika kwamba yalikatwa kwa wakati.

Hapo ndipo baba mdogo alipotaka niruke.

Msimu uliofuata mahindi ya mama mshonaji yalisimama salama wakati ya wengine yametobolewa, akamshukuru Mungu, akagawa mbegu mtaa mzima. Huenda ilikuwa bahati tu, baba mwenyewe hakujua, kwani chembe hiyo haionekani kwa macho. Tangu hapo hakula hindi, tukamtania kwamba meno yamestaafu kabla yake, kumbe kila mavuno aliomba punje chache kwa mama mshonaji, akazitia kwenye bahasha, akaandika mwaka, akaenda nazo hadi mlango wa maabara, akarudi nazo. Siku moja nilimkuta ameshika bua zima la shamba la mama mshonaji, lisilo na tundu hata moja, analia, nikadhani anamlilia mama.

Aliugua figo kuanzia Februari 2022, akafariki hospitalini tarehe 2 Septemba 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa mwaka mzima na zaidi, wafanyakazi wenzake waliomtembelea, na majirani wote, hasa mama mshonaji, aliyetuletea gunia la mahindi, yakapikwa, na sote tuliopo hapa tumeyala asubuhi hii. Mama, baba anakuomba radhi, na mimi nakuomba usiinamishe kichwa, wewe hujakosea chochote.

Mkuu wa kituo, nakuona mstari wa mbele. Bahasha kumi na nne ziko mezani, kando ya jeneza, na familia inaomba uondoke nazo leo, zipimwe, na jibu litakalotoka, jema au baya, aletewe mama mshonaji kwanza.

Baba, mzigo tumekupokea. Pumzika kwa amani.