Maji Niliyokuwa Nikiyamwaga Chumba cha Nne

Asalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyie mliofika mwezi huu kutoka Unguja mkapewa vyumba hapa. Karani wa baladia, yaani manispaa, aliniomba nikuelezeni watu walivyokuwa wakikaa kwenye nyumba hizi kabla yenu. Nikamwambia nnaweza kueleza la kwangu tu, na la kwangu si zuri. Akasema hilo ndilo analolitaka. Majina sitayataja. Wengine wamo humu uani, watajijua.

Mie nilifika Maskati mwaka wa sitini na nne, baada ya yale yaliyotokea kule Unguja. Mume wangu alikuwa keshakufa. Nilikuja na mamangu, bi mkubwa wa miaka sabini na kitu. Siku hizo kuingia huku kulikuwa kugumu, tuliokubaliwa tulikuwa wachache, na baladia ilipotupa chumba hapa baina ya Mutrah na Darsait ilinipasa nishukuru. Sikushukuru. Kule nilikuwa na nyumba yangu na birika langu la maji ya mvua. Huku nikakuta vyumba tisa, ua mmoja, kisima kimoja, na majirani wanaocheka nikifungua mdomo kusema Kiarabu.

Ndugu zangu, nawaambia bila ya kujitetea, mwaka haukwisha ila nilikuwa nimeshakuwa balaa la ua huu. Kisimani nilikuwa simngoji mtu. Nikishika kamba, mpaka nijaze vyombo vyangu vyote. Mchana watu wamejilaza kwa joto, mie nachukua debe nalipiga. Mtu akilalamika namtukana kwa Kiswahili, kwa kuwa najua hafahamu.

Chumba cha nne alikaa mwanamke wa Kibulushi. Kazi yake kudarizi nguo, akikaa kizingitini pake apate mwangaza. Siku moja alisogeza ndoo yangu kisimani ili apitishe yake. Aliisogeza tu, hata maji hayakumwagika. Toka siku hiyo, kila nikishaosha samaki, nachukua beseni, naupita mfereji ulio mbele ya chumba changu, nakwenda kumwaga maji yale mlangoni kwake. Alikuwa akitoka, akitazama, akisema "Hasbiyallahu," Mungu ananitosha, akirudi ndani. Mie nilitaka anitukane nipate kumjibu. Hakunitukana hata siku moja.

Majirani wakenda kushitaki baladia. Afisa akaja kunionya. Nikamwambia, "Yale maji, bwana, si moto." Akaondoka. Alipokuja mara ya pili akasema atarudi Jumatatu, na akisikia hali ni ile ile, mie na mamangu tutoe vitu vyetu. Nikacheka mbele yake. Lakini sikuwa na pa kwenda, wala jamaa wa kumbishia hodi. Nilijua hivyo na sikuacha.

Jambo nisilolijua ni kuwa kila siku baada ya adhuhuri, nikishalala, bi mkubwa alikuwa akitoka na kopo la maji na fagio, akenda kuosha mlango wa chumba cha nne. Mwenye mlango alikuwa akimwambia, "Acha, mama, nitaosha." Naye akimjibu kwa Kiarabu chake kibovu, "Mwanangu sikumlea hivi. Niache."

Jumapili, kabla ya afisa kurudi, nilipata jodari mkubwa. Maji yake yalikuwa na damu na mafuta mengi. Nikayamwaga pale pale, nikaenda kujilaza. Haukupita muda nikasikia kishindo, kisha mtu ananiita.

Nilimkuta mamangu chini mbele ya chumba cha nne, fagio limemlalia, mguu umepinduka upande. Yule Mbulushi alikuwa keshampakata, na kitambaa alichokuwa akikidarizi kakikunja kamwekea kichwani. Nikakimbilia. Bi mkubwa akanyanyua mkono kunizuia.

"Usipite hapo, mwanangu," akanambia. "Pana utelezi."

Nilizunguka nikaja upande wa pili, tukambeba wawili, mie na yule niliyekuwa nikimmwagia uchafu. Fundi wa kuunga mifupa alikuja akasema ni paja, na kwa umri wake yataka miezi.

Jumatatu afisa akafika kama alivyoahidi. Watu wote wakatoka nje. Akauliza nani ana la kusema. Akasimama mwanamke wa chumba cha nne.

"Bibi kizee hawezi kuhamishwa," akasema. "Mfupa haujaunga."

"Na huyu binti yake?"

"Huyu sijamsamehe. Nataka abaki kwa ajili ya mamake. Siku akimwaga tena nakuja baladia kwa miguu yangu."

Afisa akanigeukia. Nikasema nimekosa.

Akatupa miezi mitatu. Maji machafu yote yakamwagwe shimoni, nje ya ukuta. Kisima kiwe kwa zamu, chumba kwa chumba. Kila Ijumaa baada ya alasiri watu wakae uani, na mwenye lalamiko amwambie mwenziwe usoni, asilipeleke baladia kabla hajalisema hapa. Na mie nipite mlango kwa mlango kuomba radhi. Nilipita milango minane. Sita walinipokea. Mmoja alinambia, "Tutaona." Mmoja hakunifungulia, na haki yake.

Ijumaa ya kwanza walisema mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mama mmoja alisema watoto wake wakinisikia nakohoa wanaingia ndani. Nilikaa nikasikiliza. Walipomaliza nikaulizwa kama nami nna la kusema. Nikasema, "Mnanicheka nikisema." Mzee mmoja akajibu, "Kweli, tunacheka." Baada ya hapo walipunguza. Kuacha kabisa hawakuacha, na kwa kweli Kiarabu changu kilikuwa cha kuchekesha.

Miezi mitatu ikaisha, afisa akatuachia chumba. Bi mkubwa alikuja kutembea kwa mkongojo. Aliishi miaka miwili zaidi. Mbulushi akimletea uji, wakikaa pamoja kizingitini saa nzima, maneno wanayofahamiana hayajai kiganja. Alipofariki, yule mwanamke alikuja bila ya kuitwa, tukamwosha pamoja. Tulipokwisha akanambia, "Mimi na wewe yamekwisha." Nikasema ahsante. Hatukulia pale. Tulilia baadaye, kila mtu chumbani kwake.

Kwa hiyo namshukuru yeye kwanza. Namshukuru afisa, ambaye angeweza kutufukuza na hakuna mtu angemlaumu. Nawashukuru majirani wa ua huu kwa zile Ijumaa. Na mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, huyo shukrani zake sizijui nizianzie wapi.

Nyie mliofika sasa, nnalo moja la kukupeni. Mmeacha majumba, najua, na mtagombana hapa kwa ndoo na kamba kama tulivyogombana. Mtu akikuudhi, mwendee mlangoni kwake mchana, umwambie. Na ukiona wewe ndiye unayeudhi, usingoje mtu akuonyeshe. Tazama nani nyumbani kwako anasafisha nyuma yako. Mie sikutazama, na aliyekuwa akisafisha alikuwa na miaka zaidi ya sabini.

Nimemaliza. Mwenye swali aniulize hapa hapa, mbele ya watu. Tumeshazoea.