Swichi ya Marehemu

Ndani ya treni ya asubuhi, mjane aliyeketi mbele yangu alimwambia jirani yake, fundi wa magari mwenye kucha nyeusi za grisi, kwamba anakwenda kutafuta mnunuzi wa pikapu ya marehemu mumewe, iliyokwama nyumbani, aiuze kama chuma chakavu. "Mashemeji zangu wamechoka nayo. Stata inazungusha vizuri, mwanangu, ila injini haiwaki. Wamebadilisha plagi, wamebadilisha pampu."

"Ukiwasha swichi, mama, kabla ya kupiga stata, pampu ya mafuta inasikika ikinguruma?"

"Kimya."

"Pampu mpya, halafu kimya? Basi haipati umeme. Uniwie radhi, marehemu alikuwa anaogopa wezi?"

"Alikuwa ananishuku hata mimi."

Fundi akacheka kidogo. "Basi papasa chini ya dashibodi. Huenda alificha swichi ya kukata umeme wa pampu. Watu wa rika lake walipenda hivyo."

"Miaka ishirini na sita nimekaa kiti cha pembeni, asiniambie?"

"Alikuwa analilinda gari, mama."

"Nani alitaka kuliiba? Mimi?"

Nilitaka kuingilia. Mwaka wa mgomo, mwenyekiti wetu wa chama cha wafanyakazi naye alituficha barua ya mwajiri, na mpaka leo wapo wanaosema ule ulikuwa ulinzi. Lakini swali la mama lilizishinda hotuba zangu zote za chamani.

Treni ikasimama kwenye kituo cha soko la vyuma chakavu. Mama hakuinuka.

"Hiyo swichi nikiipata," akamwuliza fundi, "utaweza kuihamisha, mashemeji wasiione?"