Mwalimu Justina Nzowa (1962–2026) na Bustani ya Nyuma ya Jiko

Mwalimu Justina Nzowa, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2026, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 kijijini Igamba, Mbozi. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Raphaeli Nzowa, mkulima wa kahawa, na marehemu Fides, aliyewatibu majirani kwa mizizi na majani. Kwa baba alirithi miguu mirefu, kwa mama alirithi wasiwasi. Bibi Fides hakuchimba mzizi wote. Alikata wa upande mmoja, akafukia, na kila walipofika nyumbani alimtuma Justina arudi kuangalia kama udongo umekaa sawasawa.

Alianza darasa la kwanza Igamba mwaka 1970, akasoma sekondari Mbeya, na mwaka 1984 akahitimu ualimu. Wenzake wa bwenini wanamkumbuka kama mtu aliyeamka kuhakikisha mlango umefungwa, akalala, kisha akaamka tena.

Mwaka 1985 alipangiwa kazi Kamsamba. Joto lilimtesa na mbu hawakumhurumia, lakini alipenda kuwatoa watoto wa wafugaji darasani wakamtazame mbawakawa akiviringisha kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 1993 alihamia Mlowo, akafundisha sayansi huko hadi alipostaafu mwaka 2022. Ukikutana na mtu mzima wa Mlowo anayejua kwamba mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, na kwamba buibui mwenye miguu minane hamo, ujue huyo alipita mikononi mwake. Somo la wanyama waliotoweka lilimpa tabu. Alieleza vizuri habari za mijusi wakubwa ambao mifupa yao imekutwa kwenye mawe ya bonde letu hili la Rukwa, lakini akifika kwa dodo, ndege aliyemalizwa watu wakiona, sauti ilishuka. Mwanafunzi mmoja alimuuliza kama yule dodo wa mwisho alijua kuwa ni wa mwisho. "Sijui, mwanangu," alijibu. "Hata waliomwona hawakujua."

Alifunga ndoa na Eliudi Halinga wa Nanyala tarehe 5 Desemba 1987. Ndoa yenyewe nusura isifungwe. Siku Eliudi alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, aliona kiwavi kwenye mkono wa gauni la binti, akampiga kofi kiwavi huyo kwa ujasiri ili waone wamepata mwanaume. Justina alimtazama kiwavi aliyepondeka akasema, "Huyu angekuwa kipepeo." Eliudi alirudi Nanyala akiamini posa imekufa. Haikufa, na Mungu akawabariki wakapata watoto watatu, wa kwanza akiwa Ipyana.

Mwaka 2009 Mwalimu alikwenda kwenye bonde alikochimba mama yake dawa ya kifua, kijiti chenye majani madogo ya kijivu. Alikuta mahindi hadi mtoni. Kilichobaki kilikuwa kichaka kimoja kwenye ukingo wa mto, akakichimbua na udongo wake, akakipanda nyuma ya jiko. Kilistawi, kikazaa vingine. Viwavi walipokivamia, mzee Eliudi alikuja na bomba la kupulizia kahawa, Mwalimu akasimama mbele yake. "Wanakula majani tu, baba Ipyana. Mizizi hawaigusi. Waache." Akina mama walioleta watoto wenye kikohozi aliwauliza kwanza kama wameshapita hospitali, na ambaye hajapita hakupewa hata jani.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2024, figo zikafuata. Hakujidanganya kwamba dawa ya kifua hutibu figo. Alikubali kulazwa Mbeya mara zote alizoshauriwa. Ila kila simu aliyopiga nyumbani aliuliza, "Nyuma ya jiko vipi?" Kwingine kote alikotafuta hakukiona tena kile kijiti. Ferista, kitinda mimba wake anayefanya biashara Tunduma, ndiye aliyekuwa kitandani pake wiki ya mwisho. "Usiache kiishe," mama alimwambia. Ferista akaahidi. Mwalimu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Aprili 2026, asubuhi.

Wasifu huu ungeishia hapo, ila familia imeona yafuatayo yasemwe. Jana Ferista alipofika na mwili wa mama yake, alipitia jikoni. Nyuma palikuwa peupe, pamefagiliwa, nguzo za turubai zimeshachimbiwa.

"Baba mdogo, nani amefyeka huku?"

"Sisi na vijana wa kanisa, mwanangu," alijibu Edson, mdogo wake Eliudi. "Wageni wangekaa kwenye majani? Mama yako alikuwa mtu safi."

"Ile ndiyo ilikuwa dawa yake."

"Mbona hatukuambiwa?"

Hakuna aliyewaambia. Kwetu msiba ukiingia, kazi ya kwanza ni kusafisha kiwanja, na ukoo unamshukuru Edson kwa moyo wake. Lakini Ferista alipiga magoti akapapasa visiki na hakuweza kulia, kwa hofu tu. Mzee Eliudi alisema mizizi bado ipo, ila hajui kama itachipua, maana mvua ziko ukingoni. Edson aling'oa nguzo mwenyewe, akazungushia visiki miba. Ndiyo maana leo mmekaa kwenye mteremko karibu na kahawa, viti vinayumba, na mnaombwa radhi. Mnaombwa pia mpite upande wa barabara, hata kama ni mbali. Na kama kuna aliyewahi kukiona kijiti hiki mahali pengine, amwone Ferista kabla hajaondoka.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Ipyana, Shadrack na Ferista, wajukuu wanne, na visiki ambavyo hatujui kama viko hai.

Mwalimu Justina, mama yetu, pumzika sasa. Wasiwasi tuachie sisi.